Chumvi ya Bahari za Kale: Kutoka Mawe ya Katanga hadi Tope la Mdomo wa Kongo

Mvua inayonyesha Golf, mtaa wa Lubumbashi, haikai Golf. Ile isiyonywewa na udongo mwekundu huteremka hadi mto Lubumbashi. Lubumbashi huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na Luapula hulipita ziwa Mweru na kutokea upande wa pili ikiitwa Luvua. Pale Ankoro Luvua hukutana na Lualaba, na Lualaba ikishashuka maporomoko ya Boyoma huko Kisangani huitwa Kongo. Baada ya Kinshasa, Matadi na Boma, maji hayo hufika Banana na kuingia Atlantiki kwa wastani wa mita za ujazo zipatazo 41,000 kila sekunde. Duniani ni Amazoni tu inayoushinda mto huo. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hayazami papo hapo: hutanda juu ya bahari na kufanya ulimi unaofika mamia ya kilomita kutoka pwani.

Leo meli na satelaiti huuchora ulimi huo msimu kwa msimu. Lakini ulikuwa na ukubwa gani miaka 8,000 iliyopita, Sahara ilipokuwa na maziwa na malisho? Ulikuwaje miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika Ulaya ya kaskazini? Na bahari iliyoifunika Katanga yenyewe, ile iliyotuachia shaba na kobalti, ilikuwa na chumvi kiasi gani? Wanaojibu maswali haya hutumia kemia ya mashapo, yaani tope na mchanga vilivyotua chini ya maji na kubaki huko. Hoja yangu ni kwamba majibu yao yanaaminika pale ambapo tofauti ya chumvi ilikuwa kubwa: mbele ya mto mkubwa, ndani ya bahari iliyokaribia kufungwa, au katika maji ya kale yaliyonaswa yasitoke. Kwenye bahari ya wazi, namba nyingi zinazochapishwa zina uhakika mdogo kuliko zinavyoonekana. Na sisi wa Kongo tunakaa kwenye ncha zote mbili za swali hili, mawe yakiwa chini ya miguu yetu na mto ukipita mbele yetu.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye tabia ya chumvi. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha vipimo vya sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari yake ya kuizunguka dunia. Alionyesha kwamba chumvi kuu za bahari zina uwiano uleule karibu kila mahali. Jumla hupanda na kushuka, lakini sodiamu kwa kloridi, magnesiamu kwa kalisiamu, haziachani. Kwa mpimaji wa leo hiyo ni neema: hupitisha umeme katika maji, na kwa jinsi maji yanavyoupokea anajua jumla yote. Wastani wa bahari za dunia ni karibu gramu 35 kwa kilo moja ya maji. Sehemu kubwa ya Bahari ya Baltiki haifiki 10, na kaskazini ya Bahari ya Shamu hupita 40.

Kwa mtafiti wa zamani, uthabiti huohuo ni kikwazo. Gamba la kiumbe cha bahari hujengwa kwa kalisiamu iliyomo majini, na chembe nyingine hujipenyeza kwa kadiri ya uwiano wake na kalisiamu hiyo. Kama uwiano haubadiliki chumvi inapoongezeka, gamba halina mengi ya kusimulia. Chumvi yenyewe nayo haibaki kwenye tope: huyeyuka na kuondoka na maji. Kwa hiyo joto la kale lina mashahidi wengi, barafu ya kale inao, hata upepo unao vumbi lake, lakini chumvi hutafutwa kupitia mambo mengine yanayotembea pamoja nayo.

Shahidi anayeitwa mara nyingi zaidi ni oksijeni. Maji yana oksijeni nyepesi, yenye uzito wa 16, na kiasi kidogo cha oksijeni nzito yenye uzito wa 18. Jua linapovukiza bahari, nyepesi hutangulia kuondoka na nzito hubaki nyuma pamoja na chumvi. Mvua na mito hurudisha ile nyepesi. Ndiyo maana bahari yenye chumvi nyingi kwa kawaida huwa pia na oksijeni nzito zaidi, na mahali palipopokea maji ya mto huwa na nyepesi. Foraminifera, viumbe wa seli moja wasiozidi punje ya mchanga, hujenga magamba yao kwa oksijeni hiyo, hufa, huzama, na kuwekwa kwenye tope tabaka juu ya tabaka. Ukichomeka bomba refu kwenye sakafu ya bahari na kulichomoa, unapata nguzo ya tope, ile ambayo watu wa migodini kwetu huiita karoti, na kila sentimita ya karoti ya bahari kuu ni ukurasa wa karne kadhaa au zaidi.

Harold Urey alipendekeza mwaka 1947 kwamba oksijeni ya magamba ingeweza kuwa kipimajoto, kwa sababu maji yanapopoa gamba huchukua oksijeni nzito zaidi. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alitumia njia hiyo kwenye karoti za bahari kuu na kuchora kupanda na kushuka kwa joto katika zama za barafu. Kisha mwaka 1967 Nicholas Shackleton wa Cambridge akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile Emiliani alichokiita joto kilikuwa barafu: oksijeni nyepesi ilifungiwa kwenye milima ya barafu ya Kanada na Ulaya, na bahari nzima ikabaki na ile nzito. Kwa hiyo namba moja inayotoka kwenye gamba imebeba mambo matatu kwa pamoja: joto la maji, wingi wa barafu duniani, na hali ya maji mahali pale, ambamo chumvi imejificha. Aliyepewa jumla ya bei ya unga, mafuta na ndakala atajua bei ya ndakala ikiwa tu amehakikishiwa bei ya vile viwili vingine.

Bei ya kwanza, yaani joto, hutafutwa kwa magnesiamu. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, magnesiamu katika gamba la foraminifera huongezeka kwa karibu asilimia 9. Bei ya pili, yaani barafu, inajulikana kwa kiasi kizuri: kati ya kilele cha zama za barafu na leo, oksijeni ya bahari nzima ilibadilika kwa karibu sehemu moja kwa elfu. Toa hizo mbili, kilichobaki kigeuze kuwa chumvi. Hesabu inaonekana safi hadi pale unapoweka makosa yake mezani. Tuseme umekosea joto kwa nyuzi moja tu, jambo la kawaida kabisa katika kazi hii. Nyuzi moja ni sawa na karibu sehemu 0.22 kwa elfu za oksijeni. Katika bahari za tropiki, gramu moja ya chumvi huenda na sehemu 0.1 hadi 0.2 kwa elfu. Basi kosa la nyuzi moja limekuzalishia kosa la gramu moja hadi mbili za chumvi kwa kilo. Bahari nzima ya dunia ilipopoteza maji yaliyogeuka barafu na kina chake kushuka kwa zaidi ya mita 120, chumvi yake iliongezeka kwa gramu moja hivi. Kosa dogo la maabara linaweza kuwa kubwa kuliko badiliko la zama nzima za barafu.

Tena magnesiamu yenyewe huongezeka kidogo chumvi inapoongezeka, karibu asilimia 4 kwa kila gramu, kwa hiyo kipimo ulichokiita cha joto tayari kina chumvi ndani yake. Na ule uhusiano wa oksijeni na chumvi unaopimwa leo haukuwa lazima uwe uleule wakati mvua zilipotoka upande mwingine na mito ilipobeba maji ya aina nyingine. Gavin Schmidt mwaka 1999 na Eelco Rohling baada yake walionya juu ya jambo hili kwa hesabu zilizo wazi. Sioni kwamba onyo lao limesikilizwa inavyostahili. Makala nyingi bado huchora mstari wa chumvi wenye kupinda kwa nusu gramu katikati ya bahari na kuujengea nadharia za pepo na mikondo. Ningeridhika zaidi kama wangeishia kwenye oksijeni ya maji, wakamwachia msomaji neno chumvi hadi shahidi wa pili apatikane.

Mbele ya mito shahidi huyo yupo, naye ni bariamu. Udongo unaobebwa na mto hushikilia bariamu kwenye uso wa chembe zake. Unapokutana na maji ya chumvi, chumvi huisukuma bariamu itoke na kuyeyuka, kwa hiyo mdomo wa mto mkubwa huwa na bariamu nyingi, na jinsi unavyokwenda baharini ndivyo inavyopungua huku chumvi ikipanda. Magamba ya foraminifera huichukua kwa kadiri ya wingi wake majini bila kujali sana joto. Hapo ndipo ubora wake ulipo: haihitaji kutoa joto wala barafu.

Syee Weldeab na wenzake waliitumia mwaka 2007 kwenye karoti MD03-2707 iliyochotwa katika Ghuba ya Guinea, karibu na Kameruni, mahali panapopokea maji ya mito kama Sanaga na Niger. Kwa bariamu walipata historia ya chumvi ya miaka 155,000. Mvua za magharibi ya Afrika zilipokuwa kali, mwanzoni mwa enzi yetu ya joto na katika kipindi cha joto cha miaka takriban 125,000 iliyopita, bahari ile ilitamka wazi kwa kupoteza chumvi. Zilipodhoofika, chumvi ilirudi. Kazi hiyo naihesabu kuwa miongoni mwa zilizo imara kuliko zote katika uwanja huu, na sababu ni ile niliyoitaja mwanzo: tofauti ilikuwa ya gramu nzima nzima, si ya vipande.

Hata hivyo bariamu husema habari za mto kabla ya kusema habari za chumvi. Mto ukibeba udongo mwingi zaidi kwa maji yaleyale, bariamu hupanda na chumvi haijaguswa. Maji ya kina kirefu yanapopanda juu pwani, nayo huleta bariamu yake. Kwa upande wa Kongo kuna jambo la ziada. Ili kugeuza bariamu kuwa chumvi lazima ujue mto una bariamu kiasi gani, na watafiti hupima mto wa leo. Mto wa leo unapita katika nchi iliyokatwa misitu na kuchimbwa. Kinshasa na Brazzaville zina kumbukumbu za kimo cha mto tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hazina ya aina yake barani, lakini kimo si kemia. Huku juu Kafubu na Lufira hupita katikati ya nchi ya migodi. Ni kweli kwamba kufikia Banana maji yetu yamechanganywa na ya Kasai, Ubangi na mito ya msituni hadi sehemu yetu ni ndogo. Bado ni vema mtu apime, kuliko kudhani.

Mashapo ya mdomo wa Kongo yamesomwa kwa njia nyingine pia, na baadhi ya yanayojulikana kuhusu hali ya hewa ya kale ya Afrika ya kati yametoka kwenye karoti moja: GeoB 6518-1, iliyochotwa mbele ya mdomo wa mto mahali penye kina cha mita 962. Mwaka 2005 Enno Schefuß na wenzake walitoa humo nta za majani ya miti zilizobebwa na mto, wakapima haidrojeni yake, na kupata historia ya mvua ya bonde la Kongo kwa miaka 20,000. Mwaka 2007 Johan Weijers na wenzake walitumia mafuta ya bakteria wa udongo yaliyomo kwenye karoti hiyohiyo na kukadiria kwamba nchi kavu ya bonde ilipanda kutoka nyuzi 21 hivi hadi 25 baada ya zama za barafu. Kazi hizo hazipimi chumvi. Zinapima mvua na joto la nchi, lakini ndizo zinazompa mpima chumvi uwezo wa kuhukumu: akisema bahari ilipungua chumvi wakati nta za majani zinasema mvua ilikuwa chache, mmoja wao ana kosa.

Njia ya haidrojeni imeingizwa pia kwenye chumvi moja kwa moja. Mwani mdogo aitwaye Emiliania huxleyi hutengeneza mafuta magumu yanayoitwa alkenoni, ambayo hudumu kwenye tope kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 2006 Stefan Schouten na wenzake waliukuza maabara katika maji ya viwango mbalimbali vya chumvi. Waliona kwamba chumvi inapoongezeka, mwani huacha kuibagua haidrojeni nzito kwa ukali uleule, tofauti ikiwa karibu sehemu 3 kwa elfu kwa kila gramu. Uzuri ni kwamba athari mbili huelekea upande mmoja, maji yenye chumvi yakiwa tayari na haidrojeni nzito zaidi, hivyo dalili hukuzwa. Ubaya ni kwamba kasi ya kukua kwa mwani nayo huathiri namba, na mbele ya Kongo rutuba ya mto huibadilisha kasi hiyo sana. Ningeitumia kama shahidi wa tatu, si wa kwanza.

Na si kila tope la mbele ya Kongo linafaa. Mto huu una kitu ambacho mito mingine mikubwa haina: bonde la chini ya bahari linaloanzia ndani ya mdomo wenyewe na kukata kuelekea kilindini. Januari 2020 maporomoko ya tope yaliteremka humo kwa zaidi ya kilomita 1,000 na kukata nyaya za mawasiliano za SAT-3 na WACS, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika. Ndani ya njia hiyo tope la karne nyingi huchanganywa kwa siku chache, na kurasa huvurugika. Karoti nzuri hutafutwa kwenye miteremko ya pembeni, ambako tope hutua polepole.

Upande wa mashariki wa bara letu, Bahari ya Shamu inatoa mfano ambao hauhitaji hesabu ya kutoa na kujumlisha. Mlango wake wa kusini, Bab el Mandeb, una kizingiti chenye kina cha mita 137 tu. Kina cha bahari za dunia kiliposhuka kwa mita 120 na zaidi, maji yaliyobaki kupita juu ya kizingiti yalikuwa kijito, huku jua la Eritrea, Sudani na Arabuni likiendelea kuvukiza. Chumvi ilipanda hadi kupita gramu 50 sehemu za kaskazini na katikati, na foraminifera wanaoelea, ambao hawavumilii kiwango hicho, wakatoweka. Kwenye karoti kuna matabaka ambamo magamba yao hayapo kabisa. Kutokuwapo huko ni ushahidi wenye nguvu kuliko namba nyingi za maabara. Mwaka 2003 Mark Siddall, Rohling na wenzao waligeuza mantiki hiyo: kwa kuwa chumvi ya Bahari ya Shamu inategemea maji yanayopita mlangoni, oksijeni ya magamba yake inaweza kusomwa kama kimo cha bahari ya dunia. Kule chumvi ilikoma kuwa swali, ikawa chombo.

Kuna maji ya kale ambayo hayajaondoka. Tope linapotua, maji hunaswa kati ya chembe zake, na mengine hubaki humo kwa maelfu ya miaka, chumvi yake ikitambaa polepole sana juu na chini. Mwaka 2002 Jess Adkins, Katherine McIntyre na Daniel Schrag waliyakamua maji hayo kutoka karoti za bahari kuu na kupima kloridi. Makumi ya mita chini ya sakafu walikuta uvimbe wa chumvi, mabaki ya zama za barafu. Kwa hesabu zao, maji ya kina ya Bahari ya Kusini, ile inayozunguka Antaktika, yalikuwa na gramu 37 hivi kwa kilo, wakati leo ni chini ya 35. Kama ni hivyo, kilichoitenganisha bahari ya zama za barafu kuwa maji mazito chini na mepesi juu kilikuwa chumvi zaidi ya joto, na huko chini kaboni iliweza kufungiwa. Ni tokeo lililobadilisha fikra. Lakini Carl Wunsch alilirudia mwaka 2016 kwa hesabu za makadirio ya makosa na kuonyesha kwamba data ileile inaweza kuelezwa kwa historia nyingine za chumvi, kwa sababu kutambaa kwa miaka 20,000 kumefuta maelezo mengi. Nafuata upande wa Wunsch kwenye ukubwa wa uhakika, bila kuacha kuamini kwamba Adkins na wenzake walishika kitu halisi: uvimbe upo, na ni chumvi yenyewe iliyopimwa, si mwakilishi wake.

Sasa turudi Katanga. Mawe ya hapa ni mashapo ya bahari. Kundi la Roan lilianza kutua baada ya miaka milioni 880 iliyopita, likafuatwa na Nguba na Kundelungu, kisha milima ya Lufilian ikayakunja yote miaka milioni 550 hivi iliyopita. Aliyefanya kazi kwenye migodi ya Étoile, Luiswishi au Kolwezi anayajua matabaka kwa herufi zake: RAT nyekundu chini, kisha dolomiti, RSC yenye vishimo, halafu matope meusi yaliyogeuka mwamba. RSC ina stromatoliti, kazi ya bakteria wa maji ya kina kifupi. Ndani ya matabaka hayo kuna maumbo ya fuwele za jasi na anihidriti ambazo zenyewe zimeondoka, nafasi zao zikajazwa dolomiti au kwatzi. Jasi haitengenezeki katika bahari ya kawaida. Huhitaji maji yavukizwe hadi chumvi yake iwe mara kadhaa ya kawaida. Kwa hiyo bila mashine yoyote jiwe la Roan linatuambia hapa palikuwa na mabwawa ya pwani yaliyokaushwa na jua.

Chumvi ya mawe yenyewe haijabaki juu ya ardhi, imeyeyuka zamani. Imeacha nyayo: mawe yaliyovunjika na kusukumwa juu, ambayo Martin Jackson na wenzake mwaka 2003 waliyaeleza kuwa kazi ya chumvi iliyotambaa chini ya ardhi, huku Marek Wendorff akiyaona kuwa maporomoko ya mawe mbele ya milima iliyokuwa ikiinuka. Imeacha pia chemchemi. Mwashya, katika bonde la Lufira, maji hutoka ardhini yakiwa na chumvi, na watu waliikausha na kuiuza tangu kabla ya mfalme M'siri. Humo anaishi samaki wa jamii ya tilapia, Oreochromis salinicola, aliyezoea maji hayo na asiyejulikana nje ya eneo hilo. Jina la Mwashya wanajiolojia wameliweka kwenye matabaka ya juu ya Roan.

Na imeacha vitone. Fuwele ya kwatzi au dolomiti inapokua hunasa matone ya maji yasiyoonekana kwa macho. Ukiigandisha fuwele hiyo chini ya hadubini na kuangalia barafu inayeyuka kwa joto gani, unajua chumvi iliyomo. Hamdy El Desouky, Philippe Muchez na Jules Cailteux walipima vitone vya namna hiyo katika madini ya Kamoto na ya Luiswishi, umbali mfupi kutoka Lubumbashi. Awamu ya kwanza ya shaba na kobalti ililetwa na maji yenye chumvi asilimia 11 hadi 21. Ya pili na maji ya moto zaidi yenye asilimia 35 hadi 45. Bahari ina asilimia 3.5.

Msomaji atashawishika kusema: basi bahari ya Katanga ilikuwa na chumvi mara kumi. Hapana. Vitone hivyo havikunaswa baharini, bali chini ya ardhi, baada ya maji kuyeyusha chumvi iliyozikwa au baada ya bahari kuvukizwa na mabaki yake kuzama kwenye mashapo. Vinasimulia safari ya chumvi, na safari hiyo ndiyo iliyobeba shaba, kwa sababu kloridi huishika shaba na kuisafirisha. Bromu husaidia kutenganisha hadithi hizo mbili: chumvi ya mawe inapoganda, bromu hukataa kuingia na hubaki kwenye maji. Huko Kipushi, Wouter Heijlen na wenzake mwaka 2008 walikuta vitone vyenye chumvi zaidi ya asilimia 20, na bromu yake ikaelekeza kwenye maji ya bahari yaliyovukizwa. Hata huko Oman, ambako chumvi ya mawe ya Ara ya miaka milioni 545 hivi bado ipo chini ya jangwa na vitone vyake vilinaswa juu ya maji ya bahari yenyewe, kinachopatikana ni uwiano wa kalisiamu, magnesiamu na salfati. Jumla ya chumvi ya bahari ya wakati ule haipatikani, maana maji yalikuwa yamekwisha kukolea kabla ya fuwele kuota.

Njia iliyobaki kwa mawe ya kale namna hii ni boroni. Maji ya bahari yana boroni miligramu 4.5 kwa lita, mito ina mamia ya mara pungufu, na udongo mfinyanzi huinyonya kadiri inavyopatikana. Wei na Thomas Algeo mwaka 2020 walipima matope ya leo ya mito, midomo na bahari, wakatoa mipaka rahisi: boroni ikigawanywa kwa galiamu, chini ya 3 ni maji matamu, 3 hadi 6 ni mchanganyiko, zaidi ya 6 ni bahari. Strontiamu kwa bariamu hufuata mantiki hiyohiyo, ingawa chokaa huivuruga, na mawe yetu yamejaa dolomiti. Kipimo hiki hakitoi gramu kwa kilo. Hutoa jibu la aina tatu tu, na kwa mawe ya miaka milioni 700 jibu la aina tatu ni jingi.

Kwenye ukanda wa shaba wenyewe ningekiogopa. Maji yale ya asilimia 40 yaliyopita kwenye miamba yangeweza kuleta boroni yake na kumfanya mtu aseme bahari pale palipokuwa na ziwa. Lakini kaskazini ya mikunjo, kwenye uwanda wa Kundelungu, matabaka yamelala karibu kama yalivyotua, hayakukunjwa wala kuchomwa sana. Na huko lipo swali lenye tofauti kubwa ya chumvi kuliko zote. Petit Conglomérat ni mashapo ya barafu iliyofika hadi karibu na ikweta miaka milioni 635 iliyopita. Juu yake moja kwa moja imekaa dolomiti ya waridi ya Lusele, iliyotua barafu ilipoyeyuka. Mifano ya kompyuta inasema myeyuko huo uliifunika bahari ya dunia kwa tabaka nene la maji matamu lililokaa juu ya maji mazito ya chumvi kwa muda mrefu. Kama ni kweli, matope membamba kati ya dolomiti hiyo na yale yanayoifuata juu yanapaswa kuanza chini ya 3, yapite kwenye mchanganyiko, na kupita 6, ndani ya makumi machache ya mita.

Karoti za nchi hii zimetawanyika. Za mdomo wa mto ziko Bremen, na makusanyo makubwa ya mawe ya Katanga yako Tervuren. Lakini zile zilizochimbwa kutafuta shaba, nyingi zikiwa zimepita kwenye Nguba na Kundelungu kabla ya kufika kwenye Roan, zimelala kwenye maghala ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na sehemu ya juu isiyo na madini ndiyo hutupwa kwanza nafasi inapokwisha. Boroni huhitaji unga wa chini ya gramu moja. Mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) mwenye nyundo, mifuko ya sampuli na ruhusa ya kuingia ghalani anaweza kuchukua kipande kila nusu mita kutoka Petit Conglomérat kwenda juu, aandike kina chake, na kupeleka unga huo kwenye maabara yenye mashine ya kuupima. Aanze na zile sehemu za juu, kabla hazijatupwa.